Mwanangu, kabla hujavuka Tunduma

Mwanangu, hamjambo huko Mbagala? Rehema ndo ananiandikia, mi naongea yeye anachapa, ukiona makosa ni yake.

Nasikia jumatatu unaondoka na mzigo kwenda Lubumbashi. Nimeambiwa na mkeo, siyo na wewe. Hilo la sukari nalo nimeambiwa na mkeo. Sasa nauliza, CT skani ya kongosho, ile picha ya mashine ya ndani ya tumbo, umepiga?

Najua utasema mama ameanza. Nimeanza ndio. Una miaka 51, sukari imekuja ghafla kwa mtu hana hata kitambi, na mkanda umeutoboa tundu jipya kwa msumari, nimeuona kwenye picha za harusi ya Zawadi usidhani sijauona. Sisemi una saratani. Wenye sukari wamejaa mtaa mzima na kongosho zao hazina saratani. Ila kongosho ndo inatengeneza insulini, sasa sukari ikija ukubwani huku mwili unapukutika, na baba mzazi kaondoka na saratani ya hapohapo, mtu anaenda kupima kwanza ndo anawasha lori.

Siku daktari wa Muhimbili anatuchorea wewe ulikuwa nje unahangaika na pa kuegesha gari, hukusikia. Kongosho imejificha nyuma ya tumbo la chakula, ina kichwa na mkia, ndo maana hushiki uvimbe kwa mkono. Ya baba yako ilianzia kichwani ikabana mrija wa nyongo, macho yakawa manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo, na kujikuna usiku kucha. Mi nikabadilisha sabuni. Miezi miwili nachemsha majani nikijua ni manjano tu, na kabla ya hapo zahanati walishampa dawa za vidonda vya tumbo sijui mara ngapi. Ulipouliza siku ya msiba kwa nini tulichelewa, nikainuka kwenda kuangalia wali. Haya.

Kwa hiyo usije ukaniambia umepiga altrasaundi ikasema uko safi. Ya kwanza ya baba yako nayo ilisoma ini tu, gesi tumboni ikaziba kongosho isionekane. Kuna kipimo cha damu wanakiita CA 19-9, nacho peke yake hakitoshi, kinapanda hata nyongo ikiziba kwa mambo mengine na wapo watu wana saratani kabisa na hakipandi. Ni CT, na wakiona kitu ndo wanashusha mpira wenye altrasaundi kooni wachukue kinyama wakapime. Mpaka kinyama ndo wanasema kwa uhakika.

Wanaowahi wanapasuliwa, operesheni inaitwa Whipple, wanatoa kichwa cha kongosho, kibofu cha nyongo na kipande cha utumbo halafu wanaunga upya, masaa na masaa, na kemo, zile dawa kali za saratani, bado inafuata. Daktari alisema katika watu 10 wanaogundulika hata 2 ni bahati kukuta bado wanapasulika. Kwa baba yako ilishakumbatia mshipa mkubwa wa damu. Wakamwekea kimrija nyongo ipite, macho yakatakata, akala ugali, nikachinja kuku nikaita majirani kwamba kashapona. Hakuna aliyenirekebisha, na wewe ulikuwepo unakula paja.

Na sigara. Nyumba umeniezekea, wadogo zako umewasomesha kwa usukani huohuo, kila anayepita hapa namwambia bati hizi ni za mwanangu. Lakini pakiti kwa siku, na umeshaambiwa sigara inazidisha hatari ya ugonjwa huu karibu mara mbili. Nani anakusubiri Lubumbashi asiyeweza kusubiri wiki?

Hela kama ndo tatizo sema. Machungwa mwaka huu yamebeba, mnunuzi kaja jana na bei ya matusi nikamfukuza, ila nikimwita atarudi. Au yule beberu. Alikula kanga yangu mpya kwenye kamba, simwonei huruma.

Umeme wa LUKU umebaki uniti 4, usitume, mdogo wako kaahidi. Wewe nitumie picha ya risiti ya CT, siyo "nitaenda mama". Na Rehema anasema amesahau kukuandikia shikamoo yake pale juu.