Asilimia ya programu isimhukumu mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Vyuo vyetu vya kanisa vina haki ya kupiga vita udanganyifu. Mwanafunzi anayeiachia ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika kama mtu, kazi yote kisha akaandika jina lake juu amesema uongo, na sina neno la kumtetea. Kinachoniuma ni namna sisi walimu tunavyomkamata.

Nimekaa kwenye kikao cha nidhamu ambako ushahidi wote ulikuwa karatasi moja iliyotolewa na programu ya kubaini maandishi ya akili mnemba, asilimia ya maneno yanayodhaniwa kuwa ya mashine imezungushiwa wino mwekundu. Binti alikuja na daftari la rasimu, limejaa mistari aliyoikata na kuiandika upya. Halikufunguliwa. Akapewa sifuri.

Programu hizo hazimwoni mtu akinakili. Nyingi zinapima jinsi maneno yanavyotabirika. Msamiati ukiwa wa kawaida na sentensi nyepesi, zinaweza kusema ni mashine. Sasa mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akaanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza, ataandikaje kama si kwa maneno yaleyale anayoyamudu? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihesabiwa kuwa za mashine. Julai mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, waliiondoa programu yao ya kubaini kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo.

Amri ya kutomshuhudia jirani uongo inauhusu hata ushahidi wa kompyuta. Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inataka mashahidi wawili au watatu, na waamuzi wachunguze kwa bidii. Kwetu, kuchunguza ni kumketisha mwanafunzi, kufungua daftari lake na kumwuliza hoja hii ameitoa wapi. Aliyeandika mwenyewe atajieleza, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Darasa likiwa kubwa kazi hiyo inachosha, najua, lakini ndiyo kazi tuliyoitiwa.

Naomba maseneti ya vyuo vya kanisa yaiondoe asilimia hiyo kwenye kanuni za adhabu kabla ya mitihani ijayo, na waliopewa sifuri kwa kigezo hicho pekee waitwe, wasikilizwe upya.

Mhadhiri wa chuo cha kanisa,
Nyanda za Juu Kusini, Tanzania