Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jinsi Mataifa Yanavyouzungumzia Ugaidi

Ndugu wanachama wa Mwanza, na ninyi mliovuka ziwa kutoka Ukerewe na Bukoba,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tuchunguze jinsi mataifa yanavyouzungumzia ugaidi katika vikao vya kidiplomasia. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza utafiti peke yake.

Kikundi cha utafiti kilianza uchunguzi wake na matukio ya mwaka 1972. Baada ya wanamichezo wa Israeli kuuawa mjini Munich wakati wa Michezo ya Olimpiki, Katibu Mkuu Kurt Waldheim aliomba suala la ugaidi liingizwe katika ajenda ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Azimio namba 3034, lililopitishwa tarehe 18 Desemba mwaka huo, lina kichwa kinachochosha kukisoma, kwa sababu kila upande ulitaka maneno yake yawemo: hatua za kuzuia ugaidi zimetajwa, na papo hapo umetajwa uchunguzi wa vyanzo vyake, yaani dhiki, manung'uniko na kukata tamaa. Nchi 76 ziliunga mkono, 35 zikapinga na 17 zikajizuia kupiga kura. Anayetazama kura hizo bila kusoma azimio lenyewe atashangaa kuiona Marekani, iliyokuwa imewasilisha rasimu yake ya mkataba dhidi ya ugaidi, miongoni mwa waliopinga. Sababu imo ndani ya azimio, ambalo lilithibitisha uhalali wa mapambano ya ukombozi na kulaani ukandamizaji wa tawala za kikoloni na za kibaguzi.

Hapo ndipo wanachama walipojadiliana kwa muda mrefu zaidi, na sikuona haja ya kuwakatiza. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na wapigania uhuru waliopokewa nchini mwetu waliitwa magaidi na serikali walizokuwa wakipambana nazo. Mwaka 1987 Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikiita ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, chama cha kigaidi, na jina la Nelson Mandela liliondolewa katika orodha ya Marekani ya watu wanaohusishwa na ugaidi mwaka 2008 tu. Ndiyo maana Mkataba wa Algiers wa Julai 1999 wa nchi za Afrika dhidi ya ugaidi, uliopitishwa Salim Ahmed Salim akiwa Katibu Mkuu wa umoja huo, unasema katika Ibara ya 3 kwamba mapambano ya ukombozi yanayofuata sheria ya kimataifa si ugaidi, kisha ibara hiyohiyo inakataza sababu za kisiasa zisitumiwe kuhalalisha kitendo cha kigaidi. Baadhi yenu mliona huko ni kujipinga. Kwa maoni yangu, ni kauli ya bara lililokuwa na kumbukumbu za pande zote mbili.

Mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998 yalitupa nafasi ya kulinganisha. Azimio 1189 la Baraza la Usalama, lililotoka siku sita baadaye, lililaani mashambulizi bila kumtaja mhusika. Azimio 1267 la Oktoba 1999 lilimtaja Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, na kuwataka Wataliban waliotawala Afghanistan wamtoe. Tahadhari ile ya kutomtaja mhusika mapema haikuonekana tarehe 11 Machi 2004, Baraza lilipopitisha azimio 1530 siku ileile treni ziliposhambuliwa Madrid na kulitaja kundi la ETA, lililopigania kujitenga kwa eneo la Basque nchini Hispania, ambalo uchunguzi ulikuja kuonyesha kuwa halikuhusika.

Rasimu ya mkataba mmoja wa jumla, iliyoletwa na India mwaka 1996, ingali imekwama. Hata hivyo, mataifa yamekubaliana kitendo kimoja kimoja: utekaji wa ndege mwaka 1970, utekaji wa watu mwaka 1979, mabomu mwaka 1997 na ufadhili mwaka 1999. Kwa hiyo siafiki hoja kwamba diplomasia imeshindwa kabisa. Imekwama pale inapolazimika kusema ni nani asiitwe gaidi.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tusome hotuba za wawakilishi wetu wenyewe: Tanzania ilipokuwa katika Baraza la Usalama mwaka 2005 na 2006, na Kenya mwaka 2021 na 2022. Mwanachama mwenye magazeti ya Agosti 1998 anaombwa amkabidhi katibu, naye atayanakili na kuyarudisha.