Barua kwa Zaituni: wakatie simu bila kuona haya

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Zaituni,

Asalaam aleikum, na habari za Tanga. Huku sisi wazima, watoto hawajambo, joto tu ndilo linatutesa. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Huyo aliyekupigia akajiita mtu wa kampuni ya simu, akakutajia jina lako lote mpaka la babu, akasema laini itafungwa usipomsomea namba zilizoingia kwenye meseji, ni tapeli. Umefanya vizuri kutomsomea. Lakini umeandika neno moja limenikaa: kwamba ulimsikiliza muda wote ule kwa sababu uliona vibaya kumkatia mtu anayeongea kwa heshima. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie.

Kazi yangu unaijua. Kutwa niko kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu, na matapeli nawaona kwenye nyuso za wateja. Kuna mzee alikuja simu ikiwa sikioni, akaweka shilingi laki tatu na nusu mbele yangu, akanifungulia kiganja. Namba ya kutumia pesa alikuwa ameiandika mkononi kwa kalamu ya bluu, na tarakimu za mwisho zimeanza kuyeyuka kwa jasho. Nikamuuliza, "Baba, unamtumia nani?" Akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze: anaongea na mwalimu. Kaambiwa mjukuu wake ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitali, na kipimo hakifanyiki mpaka pesa iingie. Nikamsihi akate, ampigie mama wa mtoto. Akakataa. "Mwalimu namkatiaje simu?" Nikamwomba namba ya binti yake, nikapiga kwa simu yangu mimi huku yule tapeli bado anamhimiza sikioni. Mtoto alikuwa nyumbani, anakula. Siku hiyo shule hata haikufunguliwa.

Unaona alivyoshikwa? Alishikwa kwa adabu yake. Sisi tumelelewa kuitika tukiitwa, kumheshimu mwalimu, daktari, mtu wa ofisi, na mwizi analijua hilo kuliko tunavyolijua wenyewe. Ndiyo maana hakupi nafasi ya kukata. Ukikata utapumua, utauliza mtu, na mchezo wake umekwisha. Kwa hiyo mtu wa kwenye simu akikuharakisha kwenye jambo la pesa au la namba za siri, kata hata kama yuko katikati ya neno. Kisha piga wewe, kwa namba unayoijua wewe, wala si anayokupa yeye. Kama kweli ni mwalimu, hatakasirika. Huduma kwa wateja ya kampuni za simu hapa kwetu ni 100, na namba hiyo huna haja ya kuiulizia kwa mtu.

Ulishangaa kalijuaje jina lako. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa, kabla hajaweka namba ya siri, jina lako linatokea kwenye simu yake. Anasoma, anaghairi, anakupigia. Jina lako mdomoni mwake halithibitishi chochote.

Zile namba za kwenye meseji ndizo ufunguo. Kama ni za WhatsApp, ukimsomea anaihamishia akaunti yako kwenye simu yake, na jioni ndugu zako wote wanaombwa mkopo kwa jina lako. Nenda kwenye mipangilio uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri unayoikumbuka. Wengine hawaombi namba, wanakwambia bonyeza kitu kinachoanza na *21* na mwishoni namba yao. Hapo unakuwa umeelekeza simu zako zote ziende kwao. Ukihisi umeshabonyeza kitu cha namna hiyo, piga ##002# ufute.

Ile meseji ya "ile pesa nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani" unaijua, kila mtu imeshamfikia. Watu huwa wanauliza nani atadanganyika na meseji kama ile, na mimi swali hilo linaniudhi, maana linamfanya aliyeibiwa aonekane mjinga. Meseji inapelekwa kwa watu wengi mno, na kati yao hakosi aliyeahidi kumtumia mwenye nyumba kodi asubuhi ile ile. Huyo hakudanganyika kwa ujinga, meseji imemkuta yumo mbioni kulipa deni la kweli. Meseji za hivyo usizifute tu. Zipeleke kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea taarifa za utapeli, kisha fuata watakachokujibu.

Na jina linalokuja mara nyingi si la mwizi. Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo mwizi anatafuta kidole cha mwingine. Umekaa chini ya mwavuli wa msajili wa laini, unaambiwa "mama, haijasoma, weka tena," na ile mara ya pili huenda ikasajili laini nyingine kwa jina lako. Leo hii piga *106# uone namba zilizo kwenye kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika waiondoe. Usingoje polisi waje kukuuliza kuhusu pesa ya mtu wa Sumbawanga.

Salio linaloliwa bila kupiga, mara nyingi ni huduma za meseji ulizoungwa bila kuelewa, za mpira, dini, mapenzi. Piga 100 uombe uondolewe kwenye zote. Na simu ya kigeni inayolia mara moja ikakata, usiirudie. Za nyumbani zinaanza na +255. +252 na +257, kwa jicho la haraka, unadhani ni za hapa hapa. Ukipiga unatozwa bei ya kimataifa kwa kila dakika, na sehemu ya tozo hiyo humrudia aliyepanga mchezo.

Sasa barua pepe, kwa kuwa umeanza kuitumia dukani. Jina linaloonekana juu lisikutoshe, ligonge uone anwani yenyewe. Ofisi za serikali yetu zinaishia na .go.tz. Ukiona kitu kama tra-go-tz.com, jicho linasoma TRA, wale watu wa kodi, lakini hilo ni jina ambalo yeyote angeweza kulilipia. Ukiambiwa akaunti itafungwa ndani ya saa 24, usigonge kiungo, fungua mwenyewe ukurasa wa benki kama siku zote.

Ninayoiogopa zaidi kwako ni barua kutoka kwa yule muuzaji wako wa vitenge wa Guangzhou, ikisema wamebadilisha akaunti ya benki. Hiyo inaweza kutoka kwenye anwani yake halisi. Mwizi ameshaingia humo, amesoma mazungumzo yenu, anajua mzigo ni kiasi gani na unalipa lini, na hutaona kosa hata moja la herufi. Usilipe mpaka umpigie kwa video, kwa namba uliyonayo tangu zamani, umwone usoni akikutajia akaunti.

Na kama pesa imeshatoka, usikae nayo moyoni kwa aibu. Piga 100 hapo hapo uombe izuiwe kabla hawajaitoa, kisha nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa uliyoandikisha. Saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini. Wanaonijia kesho yake siwezi kuwasaidia, na inaniuma.

Mama yako usimsahau. Yeye atapokea kila simu na kumwitikia kila mtu "mwanangu". Mwandikie namba yako na ya kaka yako kwa herufi kubwa, mbandikie nyuma ya simu, na mwambie pesa haitoki mpaka mmoja wenu apigiwe. Kama hataki kuisikia kwako, nipigie Ijumaa baada ya swala unipe niongee naye, mimi hunisikiliza.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mama Nuru