Meli ikishang'oa nanga Vancouver, umeshatoka Kanada

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaoishi Kanada na kusoma Kiswahili, raia na wakazi wa kudumu, ambao wanajiandaa kwa safari za meli za kitalii na matembezi mengine ya nje ya nchi. Matangazo ya safari hizo yamejaa picha za barafu ya Alaska na fukwe za Karibi, lakini ni machache yanayoeleza jambo linalowakwamisha watu wengi, yaani kwamba mtu anayepanda meli Vancouver, katika nchi anayoishi, bila hata kuona uwanja wa ndege, huhesabiwa kisheria na kimatibabu kuwa amekwenda ughaibuni. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na jambo hilo moja.

Nianze na hati. Meli nyingi ziendazo Alaska kutoka Vancouver, ambazo msimu wake ni kati ya Aprili na Oktoba, huondokea katika gati la Canada Place, na maofisa wa uhamiaji wa Marekani huwakagua abiria papo hapo kabla hawajapanda, kama wanavyofanya katika viwanja vya ndege vikubwa vya Kanada. Raia wa Kanada haombi viza kwa matembezi ya aina hii. Mkazi wa kudumu mwenye pasipoti ya Kenya, kwa mfano, anaihitaji, hata kama meli itatia nanga Ketchikan, mji wa Alaska, kwa saa chache tu na hata kama yeye hana nia ya kushuka. Nimeshuhudia katika foleni ile familia moja ikitenganishwa: watoto waliozaliwa Kanada na mama aliyekwisha kula kiapo cha uraia walikuwa wanaruhusiwa kupita, na baba, aliyekuwa ameishika kadi yake ya ukazi wa kudumu mkononi kwa kujiamini kabisa, akaombwa asimame pembeni na sanduku lake. Wakala aliyewauzia tiketi alikuwa ameuliza majina na tarehe za kuzaliwa, lakini hakuuliza kila mmoja anasafiri kwa pasipoti ya nchi gani. Kukosa hati ni kosa la abiria katika mikataba yote ya meli ninayoijua, na nauli hairudishwi.

Anayekwenda Karibi kupitia Miami au Fort Lauderdale aangalie pia kwamba viza yake ya Marekani ni ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa ataingia Florida akienda na ataingia tena meli itakaporudi. Na asidanganywe na abiria wa Kimarekani watakaomwambia kwamba wao hupanda kwa cheti cha kuzaliwa tu. Nafuu hiyo ipo kwa raia wa Marekani katika safari zinazoanzia na kuishia bandari moja ya nchi yao, nasi haituhusu.

Kuna pia wale walio katikati. Mtu anapokula kiapo cha uraia wa Kanada, kadi yake ya ukazi wa kudumu hukoma kutumika, na tangu Novemba 2016 raia wa Kanada mwenye uraia mwingine hatakiwi kupanda ndege ya kurudi Kanada bila pasipoti ya Kanada, isipokuwa wenye pasipoti ya Marekani. Kwa hiyo anayesafiri kwa pasipoti yake ya zamani wiki moja baada ya kiapo anaweza kutoka vizuri kabisa na kukwama wakati wa kurudi. Asubiri apate pasipoti kwanza: ofisi za pasipoti huahidi siku 10 za kazi kwa anayekwenda mwenyewe, na 20 kwa anayetuma maombi kwa posta, bila kuhesabu siku za barua kuwa njiani. Sisi wenye majina matatu tuhakikishe pia kwamba jina lililo kwenye tiketi linafuata mpangilio ule ule wa pasipoti, maana mfumo wa kuandikisha abiria haujui kwamba jina la babu linaweza kuachwa. Shangazi au mjomba anayesafiri na mpwa wake abebe barua ya idhini ya wazazi, ikiwezekana iliyothibitishwa na mwanasheria. Sheria ya Kanada hailazimishi barua hiyo, lakini afisa wa mpakani ana haki ya kuiulizia, na akiiulizia hapo si mahali pa kuanza kuitafuta.

Jambo linalofilisi watu, hata hivyo, ni matibabu, nami ningeomba msomaji atakayesahau mengine yote alikumbuke hili. Kadi ya afya ya jimbo haina nguvu kubwa nje ya Kanada. Bima ya Ontario hulipa hadi dola 400 kwa siku kwa mgonjwa aliyelazwa katika uangalizi wa hali ya juu ughaibuni, na ile ya British Columbia hulipa dola 75 kwa siku, wakati hospitali ya Florida inaweza kudai maelfu ya dola kwa siku hiyo hiyo moja. Serikali ya Ontario iliwahi hata kukifuta kiasi hicho kidogo mwanzoni mwa 2020, kabla mahakama haijakirejesha mwaka huo huo. Zahanati ya melini nayo ni ya kibinafsi: daktari hutoza kwa dola za Marekani, gharama huingizwa katika hesabu ya kabini yako, nawe huilipa kabla ya kushuka na kwenda kudai bima baadaye ukiwa na risiti. Mgonjwa akizidiwa na kuhitaji kutolewa melini kwa helikopta, au kurudishwa nyumbani kwa ndege ya wagonjwa, gharama huweza kufika makumi ya maelfu ya dola, na serikali ya Kanada imekwisha kusema wazi kwamba hailipi.

Bima ya safari basi si ya kuombewa, ni ya kununuliwa. Lakini kuinunua hakutoshi ikiwa fomu yake ilijazwa harakaharaka. Fomu nyingi huuliza kama ugonjwa ulio nao umekuwa katika hali ile ile kwa siku 90 au 180 kabla ya kuondoka. Wengi hulisoma swali hilo kwa maana ya kujisikia vizuri, na kwa kampuni ya bima maana yake siyo hiyo. Chukua mtu mwenye shinikizo la damu ambaye daktari amemwongezea kidonge kutoka miligramu 5 hadi 10 mwezi mmoja kabla ya safari. Yeye anajiona amepata nafuu, presha imeshuka, anatembea bila kizunguzungu. Kampuni inaona dawa iliyobadilishwa ndani ya muda uliokatazwa, na akipata kiharusi baharini inaweza kukataa kulipa. Katika mikataba mingi hata kupunguziwa dawa huhesabiwa kuwa ni mabadiliko. Anayefanyiwa mabadiliko baada ya kununua bima aipigie kampuni simu kabla ya kuondoka, na aombe jibu kwa maandishi.

Wapo wanaotegemea bima inayokuja na kadi yao ya mkopo. Nayo ni bima halali, ila ina mipaka ya siku na ya umri, na kadi nyingi huzipunguza siku hizo sana, au kuifuta bima kabisa, kwa aliyefikisha miaka 65, ambaye ndiye hasa msafiri wa meli. Jambo jingine linalopuuzwa ni tahadhari za safari zinazotolewa na serikali ya Kanada kwa kila nchi katika ngazi 4. Ikiwa kabla hujaondoka nchi uendayo imekwisha kuwekwa katika ngazi ya kuepuka safari zisizo za lazima, au ile ya kuepuka safari zote, bima nyingi hazitalipa. Kuisoma tahadhari hiyo ni bure, na kujiandikisha katika orodha ya Wakanada walio ughaibuni ni bure pia. Kituo cha dharura cha Ottawa hupokea simu usiku na mchana, ingawa kazi yake ni kukuelekeza na kukusaidia kuwasiliana, wala si kukulipia.

Sasa niseme juu ya kufika bandarini. Usifike kwa ndege siku ile ile ya kuondoka kwa meli. Najua hoteli ya usiku mmoja ni gharama, na najua ratiba huonyesha kwamba ndege ya asubuhi kutoka Toronto inafika Fort Lauderdale saa nyingi kabla. Ratiba hiyo haijui theluji ya Januari. Kanuni za Kanada za kuwalinda abiria wa ndege, za mwaka 2019, zinalitaka shirika kubwa kulipa dola 400 hadi 1,000 abiria anapochelewa kwa saa 3 au zaidi, lakini ni kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wa shirika na zisizohusu usalama, na tufani haimo humo. Shirika litakutafutia ndege nyingine, pengine kesho yake, na meli itakuwa imekwenda. Kuikimbilia katika bandari inayofuata si rahisi kama inavyodhaniwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzizuia meli za bendera za kigeni kuchukua abiria katika bandari moja ya Marekani na kumshusha kwenye nyingine bila kupita katika bandari ya mbali ya nchi ya kigeni. Aliyeachwa Vancouver akataka kupandia Ketchikan ili ashukie Seward, bandari nyingine ya Alaska, anaweza kukataliwa kwa sababu hiyo, kwani anayetozwa faini ni mwenye meli. (Ni sheria hiyo hiyo inayozifanya meli za Seattle ziendazo Alaska zipitie Victoria, bandari ya Kanada, na wafanyabiashara wa Victoria hawailalamikii hata kidogo.)

Tahadhari hiyo iendelee kila meli inapotia nanga. Saa ya Alaska iko nyuma ya saa ya Vancouver kwa saa moja, simu hujibadilisha yenyewe, na meli huweza kuwa inafuata saa yake. Anayetalii mjini kwa mipango yake mwenyewe afuate saa ya melini na arudi mapema, kwa sababu meli kwa kawaida husubiri tu waliokwenda na matembezi yaliyouzwa melini.

Kuhusu mambo ya melini kwenyewe sina mengi. Mizigo inayokabidhiwa kwa wapagazi wa gatini huweza kufika kabini jioni, hivyo pasipoti na dawa, zikiwa katika chupa zake zenye maandishi ya duka la dawa, zikae katika mkoba wa mkononi. Bakshishi hukatwa kila siku kwa dola za Marekani, na kadi nyingi za benki za Kanada huongeza asilimia 2.5 kwa malipo ya fedha za kigeni. Mashine ikikuuliza dukani kama unataka kulipa kwa dola za Kanada, kataa, kwa kuwa kiwango cha kubadilisha fedha wanachokupa mara nyingi ni kibaya zaidi. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni tangu meli inapoondoka, maana mtandao wa melini hupitia setilaiti na kwa kawaida haumo katika vifurushi vya kila siku vya kampuni zetu za simu. Kwa anayeshikwa na kigegezi, kabini ya katikati ya meli na ya chini hutikisika kidogo kuliko ya juu mbele, na Gravol, dawa ya kuzuia kichefuchefu, inunuliwe kabla ya kuondoka. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kila mlo, kwani dawa ya kupaka yenye spiriti haiviwezi vizuri virusi vya noro, ambavyo ndivyo husababisha kuhara na kutapika kunakoenea melini.

Wakati wa kurudi, aliyekaa nje kwa saa 24 anaruhusiwa kuingiza bidhaa za dola 200 bila ushuru, pasipo pombe wala tumbaku, na aliyekaa saa 48 au zaidi anaruhusiwa dola 800, ikiwamo lita 1.14 ya pombe kali au lita 1.5 ya mvinyo. Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Kanada lazima zitajwe kwa forodha, unapotoka na unapoingia. Kuzibeba si kosa, kuzificha ndiko kosa. Vijana nao waelezwe kwamba bangi, ingawa ni halali Kanada tangu Oktoba 17, 2018, na ingawa ni halali pia kwa sheria ya jimbo la Alaska, ni marufuku kuivusha mpaka kwa upande wowote.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Ontario, Quebec na British Columbia zina sheria zinazowataka mawakala wa safari wawe na leseni, na zina mifuko ya kuwafidia wateja ambao wakala wao amefilisika. Anayenunua kwa mtu asiye na leseni, au moja kwa moja kwa kampuni ya nje kupitia intaneti, kwa kawaida hayumo katika ulinzi huo. Gazeti lako linapopokea tangazo la safari, lingeweza kudai namba ya leseni ichapishwe ndani ya tangazo, na chini yake mstari mmoja tu unaotaja wasio raia wa Kanada watahitaji viza ya nchi gani. Nafasi ya mstari huo haizidi ya ile picha ya barafu, na mawakala waaminifu hawatakuwa na sababu ya kuukataa.

Msomaji wako,
Vancouver, British Columbia