Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia tuache kurukia mada mpya kila kikao, tumsome mwanafalsafa mmoja mwaka mzima. Kamati ikamteua Hilary Putnam, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1926 na kufariki 2016. Walionung'unika kwamba mtu mmoja angetuchosha nawaona wamekaa safu ya mbele.

Tulianza na fizikia. Putnam alipata uzamivu mwaka 1951 chini ya Hans Reichenbach, bingwa wa falsafa ya anga na wakati, na athari yake inaonekana. Makala yake ya 1967 ilitugawa vibaya: kwa mujibu wa Einstein hakuna "sasa" moja kwa watu wote, basi, alidai Putnam, mambo yajayo ni halisi sawasawa na ya leo. Baadaye akadai kwamba fizikia ya kwantamu, yaani ya chembe ndogo kabisa, inatulazimu kubadili hata kanuni za mantiki. Dai hilo halikupata mtetezi ukumbini, na mimi sikujitolea.

Mjadala wa akili mnemba ndio uliokula vikao vingi. Katika miaka ya 1960 Putnam alifananisha hali za akili na hali za mashine ya Turing, yaani kielelezo cha kinadharia cha kompyuta. Maumivu, kwa hoja hiyo, hayafungwi na aina ya ubongo. Kinachohesabika ni kazi yanayoifanya, na kazi hiyo yaweza kufanywa na kiumbe au chombo kingine kabisa. Wengi wetu tulikuwa tumeshashawishika. Kumbe mwenyewe aliikana mwaka 1988!

Wapo waliomwita kigeugeu. Sikubaliani nao, na ninaomba hili liingie kwenye kumbukumbu. Tangu 1975 alikuwa ameonyesha kwamba maana ya maneno yetu inategemea pia ulimwengu unaotuzunguka, siyo yaliyomo kichwani tu. Mwaka 1981 akaitumia hoja hiyo katika metafizikia, tawi la falsafa linalouliza uhalisi ni nini: ubongo ulioishi daima ndani ya chombo cha maabara, ukilishwa picha na kompyuta, usingeweza hata kusema kwa usahihi kwamba uko chomboni, kwa kuwa haujawahi kugusana na vyombo halisi. Ukishakubali hayo, programu peke yake haitoshi kueleza imani inahusu nini. Hoja yake mwenyewe ilimla, akairuhusu. Wanachama wanaofanya kazi na mashine zinazozungumza waliliona swali lao humo, na kikao kile kilipita muda wake.

Hesabu zimekaguliwa, mweka hazina atazisoma. Ada za nyuma zilipwe, tafadhali.

Kamati inapendekeza mwakani tuwasome wale ambao bado wanashikilia nadharia aliyoiacha. Kura itapigwa baada ya taarifa ya fedha.