Uvimbe upi?

Shoga angu Zuhura,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Pole sana mwaya, ila usilie kwanza. Umesema baba kamaliza mionzi ya kansa ya ubongo, hii wiki ya tano sasa, badala ya nafuu kichwa ndo kinauma kupita mwanzo, na dokta kasema "kuna uvimbe". Hilo neno ndo lilitumaliza na sisi kwa Kaka Idi mwaka juzi, naye baada ya mionzi kama hiyo. Kiswahili chetu uvimbe ni ule wa kansa na uvimbe ni kuvimba tu kama mguu uliojikwaa, sasa dokta anasema hili wewe unasikia lile, mama palepale akaanza kupiga simu Tanga watu waje, shangazi anataka tuache hospitali twende kwa mzee fulani, yaani nyumba ikawa kama ya msiba, kesho yake ndo nikarudi kumuuliza dokta, uvimbe upi? Akasema ubongo umevimba, mionzi imeuchokoza, mishipa inavujisha maji na fuvu halitanuki, ndo maana kichwa kinauma hasa alfajiri, mtu anatapika, mkono unalegea. Kaka alikuwa akishika kikombe cha chai na mkono wa kushoto kinadondoka.

Picha ya MRI nayo inadanganya. Miezi ya mwanzo baada ya mionzi panaweza kung'aa kama kansa imekua kumbe ni matibabu yenyewe, ndo maana wanarudia picha baada ya wiki kadhaa. Saa nyingine inakuwa imekua kweli, sikufichi, kwa hiyo uliza usikisie.

Wakimpa deksa, yaani deksamethasoni, vidonge vya kupunguza huko kuvimba, inawahi kusaidia, Kaka siku ya pili tu kikombe alikishika. Ila njaa yake sasa! Saa tisa usiku nasikia sufuria, naenda jikoni namkuta kasimama gizani anamaliza kiporo cha ugali na maharage, usingizi hana, sukari ikapanda, uso ukawa duara kama sahani. Baba ameze asubuhi akishakula, na sukari wampime.

Mimi ule uso uliniogopesha nikamwachisha vidonge ghafla, sikumuuliza mtu. Siku ya tatu hawezi kusimama, presha iko chini, anatapika, tukakimbilia emajensi. Kumbe ukimeza muda mrefu mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe, inabidi dozi ishushwe kidogo kidogo na dokta ndo apange. Mama mpaka leo hajui ni mimi, na wewe usije ukamwambia.

Jumatano mkienda kliniki anza na swali hilohilo, uvimbe upi, halafu nipigie hata usiku. Ila akishikwa na degedege, au unamwita anasinzia tu haamki vizuri, hiyo Jumatano msiingoje, mpelekeni saa hiyohiyo.

Kaka anakusalimia, anasema jikoni ufunge na kufuli.

Wako,
Mwana