Taa za dharura zisipitishwe kwenye swichi

Mhariri,

Majengo mengi ya biashara jijini Nairobi yana vibao vya kijani vinavyoonyesha njia ya kutokea, na mkaguzi akipita huviona vinang'aa. Kung'aa wakati stima ipo si kipimo. Kinachoamua kama kibao kitawaka gizani ni mahali fundi alipotoa waya wake wa laivu, yaani unaoleta umeme, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Taa ya dharura inayojitegemea, kikiwemo kibao cha namna hiyo, ina betri ndani yake, mara nyingi seli tatu za nikeli-kadimiamu zenye jumla ya volti 3.6. Betri huchajiwa usiku na mchana kutoka kwa stima ya kawaida ya volti 240, na stima hiyo ikipotea, taa hujiwasha. Laivu yake basi itolewe kwenye sakiti (laini ya umeme yenye breka yake) ileile ya taa za kawaida za mahali hapo, lakini kabla ya swichi.

Kabla ya swichi kwa sababu mlinzi akizima taa za korido jioni, taa ya dharura iliyounganishwa baada ya swichi huwaka mpaka betri iishe. Asubuhi inaanza kuchajiwa upya, na kujaa kunahitaji takriban saa 24. Jioni inazimwa tena kabla haijajaa. Betri ya kudumu kama miaka minne huchakaa mapema, na moto ukizuka huikuta haina nguvu.

Kwenye sakiti ileile kwa sababu giza la ngazini halitokani na kampuni ya umeme, Kenya Power, kukata stima pekee. Waya ukipata hitilafu, sakiti breka ya taa za ngazi huanguka huku jengo zima likiwa na stima. Taa ya dharura iliyofungwa kwenye laini ya soketi au ya kompyuta itabaki imezimika, kwani laini yake haijakatika.

Wenye majengo hutujibu kwamba wana jenereta. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na pengine haiwaki kabisa: Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, moja ya jenereta za uwanja wa ndege wa JKIA ilikataa kuwaka na abiria wakabaki gizani. Hata ikiwaka, moto ukishaunguza kebo ya korido, umeme wa jenereta hauna pa kupita.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni majengo ya katikati ya jiji yaliyogawanywa kuwa vibanda, kama yale ya Luthuli Avenue na River Road. Mbao za kugawanya vyumba huziba vibao, na taa ya njia ya pamoja hufungwa kwenye mita ya tokeni ya mpangaji mmoja. Tokeni zikiisha au mpangaji akihama, betri huisha na kukaa tupu wiki nzima, hali inayoiharibu. Korido na ngazi zilishwe kutoka kwa mita ya mwenye jengo, na kila ukuta mpya unapojengwa, vibao vipangwe upya.

Ile taa ndogo ya kijani kwenye kifaa isiwahadae watu. Inaonyesha chaji inaingia tu. Betri iliyozeeka hupokea chaji vizuri na kuishiwa baada ya dakika kumi. Kila mwezi, zima breka ya taa, au tumia swichi ya majaribio kama ipo, tembea ghorofa zote, andika taa isiyowaka, kisha rudisha stima.

Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinataka ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12. Tunawaomba wakaguzi wasiridhike kutazama vibao. Waagize breka izimwe mbele yao.

Mara moja kwa mwaka taa ziachwe ziwake kwa betri saa tatu kamili, na isiyofika ibadilishwe betri, tarehe ikiandikwa juu ya betri mpya. Jaribio hili lifanywe Jumamosi usiku jengo likiwa tupu, ili Jumapili yote iwe ya kuchaji kabla ya watu kurudi Jumatatu.

Mafundi wa umeme,
Nairobi